MAISHA YA MBARAKA MWINSHEHE, NA PIKAPU YA GITAA LETU

Muhula uliopita Mhariri wa gazeti letu alitutaka sisi makatibu wa vyama vya shule tuandike, kila mmoja kwa zamu yake, habari za mtu mashuhuri aliyekwisha fariki dunia, ambaye maisha yake yana faida kwa kazi ya chama. Mimi ni katibu wa Chama cha Muziki, nami ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Leo nawaletea habari za Marehemu Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro.

Ingefaa niseme kwamba nilimchagua mwenyewe kwa mapenzi yangu, lakini huo ungekuwa uongo. Nilipewa habari zake na mwalimu wetu wa Fizikia, nusu kama adhabu na nusu kama mafunzo. Sababu yake ilikuwa ugomvi uliozuka chamani kwetu juu ya kitu kidogo ambacho urefu wake hauzidi kidole. Kitu hicho huitwa pikapu ya gitaa.

Nilipomweleza baba, nyumbani Bombambili, kwamba chama chetu kinataka kununua pikapu kwa shilingi 85,000, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Yeye pikapu aijuayo ni ile ya kubebea magunia ya mahindi kutoka shamba, na kwa bei hiyo alidhani tumedanganywa na mtu. Basi kabla sijaendelea, yafaa nieleze kitu hiki ni nini na ugomvi wenyewe ulikuwaje.

Ugomvi wa Chama

Chama chetu kina gitaa moja la umeme, ambalo tulilinunua likiwa limekwisha tumika. Lina pikapu mbili: moja karibu na shingo, na ya pili karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa chini. Ile ya darajani ilikuwa dhaifu, na juu ya udhaifu wake ilikuwa ikivuma kama nyuki ndani ya mzinga kila tulipowasha amplifaya. Tukaazimia kuibadili.

Fedha tulizipata kwa jasho letu. Kwa mihula miwili tulilima mboga katika kitalu cha chama, tukamwagilia maji kwa ndoo katika miezi ya kiangazi, tukawauzia walimu na majirani wa shule. Zilipotimia shilingi 85,000, wanachama tukagawanyika pande mbili. Upande mmoja ulitaka pikapu ya sauti safi, ya kupigia nyimbo za dansi na za kwaya. Upande wa pili ulitaka pikapu yenye nguvu kupita zote, ile itumiwayo na wapigaji wa muziki wa hevi metali, ambao magitaa yao hunguruma kama radi juu ya milima ya Matogoro wakati wa masika. Kiongozi wa upande huo wa pili alikuwa mimi.

Tulibishana juma zima. Wengine wakaacha kusalimiana. Mwishowe mwalimu wa Fizikia, ambaye ndiye mlezi wa chama, alitwaa fedha zote akazifungia katika kabati la maabara. Akatuamuru tusubiri majuma mawili, na mimi akaniagiza niende nikajifunze maisha ya mpiga gitaa mmoja wa nchi yetu ambaye sauti ya gitaa lake ilijulikana Afrika Mashariki yote, kisha nirudi niwaeleze wenzangu ndipo tupige kura.

Pikapu Hufanyaje Kazi

Mwalimu alianza kwa kutukumbusha somo la Fizikia. Mwaka wa 1831 mtaalamu Mwingereza, Michael Faraday, alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Ndiyo asili ya mitambo mikubwa ya kufulia umeme, na ndiyo asili ya pikapu vilevile. Ndani ya pikapu mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo mna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa gitaa ni wa chuma. Ukitikisika juu ya sumaku, huitingisha nguvu ya sumaku ile, na umeme mdogo huzaliwa katika koili. Umeme huo hupelekwa kwa amplifaya, ambayo huukuza mpaka utosheleze spika. Kwa hiyo gitaa lenye nyuzi za nailoni haliwezi kutumia pikapu ya namna hii, kwa kuwa nailoni haishikwi na sumaku.

Gitaa la kwanza la namna hii lililouzwa kwa watu lilitoka Marekani, katika mji wa Los Angeles, mnamo mwaka wa 1932. Umbo lake lilikuwa la mviringo lenye mkono mrefu, hata watu wakalipa jina la kikaango.

Pikapu yenye koili moja ina sauti ya wazi na kali, lakini ina kasoro. Kama inavyopokea mtikisiko wa uzi, ndivyo inavyopokea pia mvumo wa umeme wa nyumba, ambao katika nchi yetu hugeuka mara 50 kila sekunde. Taa za tyubu kama zile za bwalo letu huzidisha mvumo huo. Mwaka wa 1955 fundi mmoja wa kampuni ya Gibson huko Marekani, aitwaye Seth Lover, alipata dawa ya kasoro hiyo. Aliweka koili mbili bega kwa bega, akazigeuza sumaku na namna ya kuunganisha waya, hata mvumo uingiao koili ya kwanza ukafutwa na ule uingiao koili ya pili, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Pikapu ya koili mbili haivumi, nayo ina sauti nene na yenye nguvu zaidi.

Wapigaji wengi wa hevi metali hupenda hizi za koili mbili, tena zile zilizoongezwa mizunguko ya waya au kutiwa sumaku yenye nguvu zaidi. Nyingine huwekewa hata betri ya volti 9. Umeme mwingi ukiingia katika amplifaya kupita kiasi chake, sauti hukwaruza na kunguruma, nao hutaka hivyo. Lakini kila kitu kina bei yake. Waya ukiongezwa sana, sauti nyembamba za juu hupotea, na nyuzi zikipigwa pamoja huchanganyika. Mambo haya niliyaandika daftarini, lakini moyo wangu ulikuwa bado kwenye radi. Ndipo nikaanza kutafuta habari za Mbaraka.

Kuzaliwa Kwake na Mji wa Morogoro

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwezi wa Juni mwaka wa 1944 huko Mzenga, katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Mwaka huohuo, katika mji wa Morogoro ulio chini ya milima ya Uluguru, ilianzishwa bendi ya Morogoro Jazz. Hakuna aliyejua siku hizo kwamba mtoto yule na bendi ile vingekuja kutajwa kwa pumzi moja.

Morogoro haukuwa mji mkubwa, lakini kwa muziki ulikuwa na sifa nchi nzima. Mwaka wa 1948 Salum Abdallah alianzisha huko bendi yake, ambayo ilikuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Bendi mbili hizo zilishindana kama timu za mpira. Kila mmoja alikuwa na upande wake, na ushindani huo ukazilazimisha zote mbili kufanya mazoezi kwa bidii. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka wa 1965, na uongozi wa bendi yake ukashikwa na Juma Kilaza.

Ni katikati ya miaka hiyo ya 1960 ndipo kijana Mbaraka alipoingia Morogoro Jazz. Nchi ilikuwa imepata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na vijana wengi walikuwa na hamu ya kusikia sauti yao wenyewe katika redio. Bendi za nyumbani zilikuwa nyingi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka wa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Santuri kutoka Kongo nazo zilipendwa mno, na wapiga gitaa wetu walijifunza mengi kutoka kwazo.

Wasomaji wengine huenda hawajui desturi za bendi za dansi. Magitaa hayapigi jambo moja. Liko gitaa la besi, liko la rizimu linaloshika mwendo, na liko la solo, ambalo huimba juu ya mengine yote hasa waimbaji wanapopumzika. Tena mara nyingi huwapo gitaa jingine kati ya solo na rizimu, linalojibizana nayo. Jambo la pili ni kwamba katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya bendi au ya mwenye bendi, wala si vya mpigaji. Mpigaji alikikuta chombo kilichopo, akakipiga. Aliyetaka sauti yake itambulikane ilimpasa aitoe vidoleni mwake.

Mbaraka ndivyo alivyofanya. Alikuwa mpiga solo, mtungaji na mwimbaji, yote matatu kwa pamoja, na katika miaka michache alikuwa ndiye nguzo ya Morogoro Jazz. Watu wakampa jina la Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa zima. Jina hilo hakupewa na serikali wala na kampuni. Alipewa na watu waliokuwa wakicheza mbele yake.

Niliyoyapata kwa Babu

Habari hizi nilizipata katika vitabu na kwa walimu, lakini sauti yenyewe niliipata kwa babu yangu aishiye Mfaranyaki. Siku ya Jumamosi nilikwenda kwake, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Babu hakunijibu upesi. Aliingia ndani akatoka na sanduku la bati, na ndani yake mlikuwa na santuri zilizofungwa kwa kitenge cha marehemu bibi.

Babu alinieleza kwamba siku za ujana wake alilima tumbaku upande wa Namtumbo, na kila alipolipwa fedha za tumbaku, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa betri za redio. Jioni vijana walikusanyika barazani kwake kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Gitaa la Mbaraka likianza, walilitambua kabla hajaimba neno. Nikamuuliza walilitambuaje, na kwa redio ndogo kama ile. Babu alinieleza kwamba ilikuwa kama kumtambua jirani kwa mwendo wake gizani.

Mashine ya santuri ya babu ilikufa zamani, kwa hiyo nyimbo zenyewe tulizisikiliza kwa simu ya shangazi. Tulisikiliza mpaka jua likatua. Mimi nilizoea kusikiliza muziki kwa kishindo chake. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilisikiliza uzi mmojammoja. Sauti ya gitaa lake ni safi kama maji ya mto yatokayo mlimani. Kila uzi unasikika peke yake, unaingia kwa wakati wake na kunyamaza kwa wakati wake. Gitaa la rizimu linakwenda chini, solo inapita juu, wala moja halimfuniki mwenzake. Hapana mahali pa kujificha katika sauti ya namna hiyo. Kidole kikikosea nusu, kila msikilizaji atajua.

Neno hilo liliniuma, na sababu yake nitaieleza mbele.

Mwaka wa 1970

Mwaka wa 1970 ulikuwa mwaka mkubwa kwa Mbaraka. Katika mji wa Osaka, nchini Japani, yalifanyika Maonyesho ya Dunia yaliyoitwa Expo 70, kuanzia mwezi wa Machi hadi Septemba. Watu zaidi ya milioni 64 waliyazuru. Tanzania ilipeleka wanamuziki wake, nao walikuwa Morogoro Jazz, akiwamo Mbaraka. Hebu fikirini, vijana wa Morogoro wakipanda ndege na magitaa yao, wakaenda kupiga mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Mbele ya watu kama hao maneno matamu hayafai kitu. Gitaa ndilo lililopaswa kusema. Waliporudi walikuwa na wimbo juu ya safari ile, na sifa zao zikazidi.

Sasa lipo jambo ambalo mwalimu alitaka nilione, nami nililiona kwa kulinganisha miaka. Mwaka huohuo wa 1970, mwezi wa Februari, bendi ya vijana wa mji wa Birmingham, Uingereza, iitwayo Black Sabbath, ilitoa santuri yake ya kwanza. Wataalamu wengi huitaja santuri hiyo kuwa mwanzo wa muziki wa hevi metali. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Alipokuwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Hakukata tamaa. Alitengeneza vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akavivika ngozi, akajifunza upya.

Na pikapu zake siku zile zilikuwa za namna gani? Nilipolisoma jibu nilishtuka. Gitaa lake lilikuwa na pikapu za koili moja. Yule ambaye sisi wapenzi wa ngurumo tunamwita baba yetu alianza kazi kwa pikapu za jamii ileile ambayo mimi nilikuwa nikiidharau chamani. Hizi za nguvu nyingi zilikuja kupendwa baadaye, na wale waliokwisha jua wanachokitafuta.

Basi nikawaona watu wawili wa mwaka mmoja, mmoja Osaka na mmoja Birmingham, muziki wao ukiwa mbali kama mashariki na magharibi, lakini kwa jambo moja ni ndugu. Kila mmoja alitafuta kwanza sauti mkononi mwake, ndipo chombo kikamtumikia.

Super Volcano

Mwaka wa 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz, akaunda bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano. Msidhani lilikuwa jambo jepesi. Aliiacha bendi yenye jina, yenye umri sawa na wake, akaanza upya na mzigo wote juu ya mabega yake. Mwenye bendi hufikiria vyombo, usafiri, malazi na mishahara ya watu, na usiku bado atapanda jukwaani kupiga solo kana kwamba hana fikira nyingine.

Bendi hiyo ilisafiri sana, ndani ya nchi na nje. Santuri zake zilitolewa na kampuni iliyokuwa Nairobi, zikauzwa Kenya kama zilivyouzwa Tanzania. Wimbo wake uitwao Shida ulivuma kuliko zote. Unaeleza taabu za mtu mwenye dhiki, jambo linalomgusa kila mmoja, na hata leo ukipigwa katika arusi za hapa Songea wazee na vijana husimama pamoja. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za mafunzo: juu ya mapenzi, urafiki, fedha, na tabia za watu wa mjini. Alitunga kwa Kiswahili chepesi ambacho mkulima wa Namtumbo na karani wa Mombasa walikielewa sawasawa. Mapokeo ya nyimbo zake ni kama gitaa lake, hayana vumbi.

Kufariki Kwake

Mwezi wa Januari mwaka wa 1979 Mbaraka alikuwa Kenya kwa kazi ya muziki. Huko Mombasa alipatwa na ajali ya gari, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Nchi yetu wakati huo ilikuwa katika vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na kila nyumba ilikuwa karibu na redio ikingoja habari za vitani. Babu alinieleza kwamba habari ya kifo hicho ilipofika kwao, baraza lote lilinyamaza, na kijana mmoja ambaye kaka yake alikuwa vitani alilia waziwazi. Sijui kama alimlilia Mbaraka au kaka yake, na babu naye hakujua.

Kampuni ya santuri ilizikusanya nyimbo zake na kuzitoa tena katika santuri zilizoitwa Ukumbusho. Kwa njia hiyo sisi ambao baba zetu walikuwa watoto alipofariki tumeweza kumsikia.

Tulivyoamua

Majuma mawili yalipokwisha nilisimama mbele ya chama nikasoma niliyoyaandika. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Niliwaungamia wenzangu kwa nini niliitaka ile pikapu ya nguvu nyingi. Katika mahafali ya mwaka jana mimi ndiye niliyepiga solo mbele ya wazazi, nami niliharibu vibaya. Baba alikuwapo. Tangu siku ile nilitafuta sauti ya ngurumo ambayo ndani yake makosa yangu yasingesikika. Sikuwa nikitafuta hevi metali. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kujificha. Wapigaji wa kweli wa muziki huo hawajifichi, maana mkono wao wa kulia huenda kwa kipimo kama cherehani.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alifungua kabati, lakini kwanza akatuagiza tulifungue gitaa lenyewe kwa bisibisi. Tukaona kwamba waya wa ethi uliounganishwa na daraja ulikuwa umeachia lehemu yake. Tukaulehemu upya palepale maabara. Sehemu kubwa ya mvumo ikaisha bila kutumia hata senti. Kisha tukaona kwamba pikapu ilikuwa imeshushwa mno, mbali na nyuzi. Tukaipandisha kwa skrubu zake, kidogo kidogo, mpaka sauti ikapata nguvu, tukaangalia isikaribie mno hata sumaku ikazivuta nyuzi na kuziharibia mtikisiko. Udhaifu wote tuliokuwa tukiulalamikia ulikuwa ni kazi ya bisibisi.

Hata hivyo ule mvumo mdogo wa koili moja ulibaki kila tulipopiga chini ya taa za bwalo. Tukapiga kura. Iliamuliwa kununua pikapu ya koili mbili iliyotengenezwa kwa umbo dogo, ili iingie mahali palepale bila kuchonga mbao, na yenye nguvu za wastani. Mwalimu alitufundisha kuzitofautisha kwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Zile za koili moja mara nyingi huwa karibu na omu 6,000. Za koili mbili za wastani huwa karibu na 8,000, na zile za nguvu nyingi hupita 14,000. Kipimo hicho hakielezi kila kitu, lakini humsaidia mnunuzi asinunue kwa jina na rangi tu. Ile ya shingoni tuliiacha kama ilivyo, kwa sauti safi. Mzazi mmoja aliyekuwa na safari ya Dar es Salaam alituletea kwa shilingi 60,000, na zilizobaki tulinunua nyuzi.

Mwenzangu wa Kidato cha Nne, mpenzi mkubwa wa hevi metali, aliijaribu kwa kuzidisha nguvu za amplifaya. Ilinguruma ipasavyo, akaridhika. Kisha akapunguza nguvu, nami nikapiga solo, nayo ikawa safi. Chombo kimoja kilitumikia pande zote mbili, na wale walioacha kusalimiana sasa hukaa benchi moja.

Katika mahafali ya mwezi wa Oktoba mwaka huu nilipiga solo ya wimbo wa Shida. Nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili yalisikika. Baba, aliyekaa safu ya nyuma kabisa, aliniambia jioni kwamba safari hii aliusikia kila uzi, na kwamba pikapu hii ndogo imebeba zaidi ya alivyodhani.

Basi wenzangu, mkitaka kununua pikapu, ulizeni kwanza mnataka kupiga nini, wapi, na kwa amplifaya gani. Fungueni gitaa mkague waya na urefu wa skrubu kabla hamjafungua mfuko. Chagueni nguvu za wastani kama chombo ni cha watu wengi. Na juu ya yote, mkumbukeni Marehemu Mbaraka Mwinshehe, ambaye baraza la wakulima lilimtambua kwa redio ndogo ya betri.